Je, Wajua? Mzazi Anapoanza Kusahau

Mama anauliza swali lilelile kila baada ya dakika chache. Baba amepotea njia ya msikitini aliyoizoea miaka yote. Kabla hujasema "uzee huo", je, wajua…

…kwamba dimenshia, yaani kupungua kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ni maradhi, si sehemu ya lazima ya uzee? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nayo, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

…kwamba baadhi ya usahaulifu una tiba? Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, kaswende, hata damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka, vyote huweza kuvuruga kumbukumbu. Ndiyo maana vipimo hutangulia.

…kwamba mzee akichanganyikiwa ghafla ni dharura? Huenda ana maambukizi ya mkojo au ya mapafu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

…kwamba dawa nazo huchanganya akili? Baadhi ya dawa za mzio na za usingizi hufanya hivyo. Beba zote anazotumia, za kienyeji pia, umwoneshe daktari.

…kwamba asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia ni ugonjwa wa Alzheimer? Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906. Hadi leo hauponi, ila dawa kama donepezil huwapa nafuu ya muda baadhi ya wagonjwa.

…kwamba kuna kipimo kilichoandaliwa kwa wazee wetu? Kinaitwa IDEA, na kilifanyiwa kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, na nchini Nigeria. Mzee hahitaji kujua kusoma. Sehemu mojawapo humtaka apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

…kwamba mazungumzo ni tiba? Hukohuko Hai, wazee wenye dimenshia walikutanishwa katika vikundi vya mazungumzo na michezo ya kuchangamsha akili. Uwezo wao wa kufikiri uliongezeka, wasiwasi ukapungua.

…kwamba Kenya ina chama cha kusaidia familia hizi? Ni Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, kilichoanzishwa na Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake aliugua dimenshia. Kwingineko, anza kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kliniki ya mishipa ya fahamu au ya afya ya akili. Gharama zikikuzidi, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

…kwamba kubishana na mgonjwa humwumiza bure? Akimtafuta mama yake aliyekwisha kufariki, usimtangazie msiba upya. Mwambie akusimulie habari za bibi.

…kwamba kuuficha ugonjwa huhatarisha maisha yake? Kutangatanga usiku ni dalili ya ugonjwa, lakini wapo wazee waliodhuriwa kwa kudhaniwa wachawi. Waambie majirani na balozi wa mtaa mapema, ili wakimwona wamrudishe nyumbani.

…kwamba jamaa anayemuuguza mtu mwenye dimenshia hutumia wastani wa saa 5 kwa siku, na asilimia 70 ya saa hizo hubebwa na wanawake? Basi itisheni kikao cha familia wiki hii. Aliye mbali achangie fedha za msaidizi, aliye karibu ashike zamu, na dada anayelala na mama kila usiku apewe siku zake za kupumzika.