Kwaya imeimba, kinanda kimesikika

Ukitaka kujua kama wimbo wa kwaya umerekodiwa chumbani na watu wenye haraka, usiuhukumu kwa ubeti wa kwanza. Subiri wa pili. Katika ule wa kwanza yupo mwimbaji na kinanda kidogo, na kila neno linafika. Ubeti wa pili unapoanza, ngoma zimeingia, besi imeingia, mpiga kinanda ameongeza filimbi na vayolini, na mwimbaji anaonekana kwenye video akifungua kinywa kwa bidii huku ujumbe wake ukiwa umezama.

Kasoro hiyo utaisikia Dar es Salaam, Bujumbura na Nairobi. Lakini Ntobeye, kata ya wilaya ya Ngara mkoani Kagera, ina sababu ya kuitazama kwa jicho lake. Siku hizi laptopu moja, maiki moja na kinanda vinatosha kutoa wimbo bila kwaya kupanda basi la Mwanza. Na ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, wapo wanamuziki walioshughulikia tatizo hili zamani, bila umeme wala maiki. Ni wapiga inanga wanaoimba kwa kunong'ona.

Wanavyofanya wapiga inanga

Inanga ni ubao uliochimbwa katikati, na juu yake kamba moja ndefu imepitishwa kwenda na kurudi mpaka ikawa nyuzi kadhaa. Wahaya wa Bukoba wanayo ya kwao, enanga. Burundi, ambako Kirundi ni ndugu wa karibu wa Kihangaza cha Ngara, mpigaji anaweza kusimulia kisa kizima kwa mnong'ono huku vidole vikitembea juu ya nyuzi.

Mnong'ono hauna noti. Nyuzi za koo hazitetemeki. Kinachotoka ni pumzi tu, iliyopewa umbo na ulimi na midomo. Hata hivyo, msikilizaji anaapa kwamba amesikia mtu akiimba. Mwanazuoni wa muziki Cornelia Fales aliichambua ajabu hiyo katika jarida la Ethnomusicology mwaka 2002. Alionyesha kuwa sikio huichukua noti ya inanga na kuuvika mnong'ono, hata pumzi isiyo na noti ikasikika kama wimbo.

Hilo linawezekana kwa sababu ya mpangilio. Inanga ina sauti nzito, na hupigwa kwa upole. Mnong'ono unakaa juu, kwenye eneo la s, sh, k na t. Hakuna anayemwingilia mwenzake. Mpigaji hakuhitaji mtu wa kumwongezea sauti, kwa kuwa hakuweka kitu chochote cha kumziba.

Somo kwa anayerekodi nyumbani limo humo. Mwimbaji asiposikika, dawa ya kwanza si kumpandisha. Dawa ni kutafuta kinachomfunika na kukiondoa.

Kila chombo kinataka katikati

Sauti ya mwanamume huanzia karibu hezi 100, na ya mwanamke karibu hezi 200. Hapo ndipo noti ilipo. Maneno lakini hayakai hapo. Konsonanti zinazotufanya tutofautishe "pata" na "kata" zinategemea sana eneo la kati ya hezi 2,000 na 4,000, na ndilo eneo ambalo sikio la binadamu lina wepesi mkubwa wa kusikia. Kwa bahati mbaya, ndilo pia linalopiganiwa na gitaa, filimbi na vayolini za kinanda, na mlio mkali wa ngoma ya kijiti. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa mafahali wanafika watano.

Ukimpandisha mwimbaji, mpiga gitaa naye atalalamika kuwa hasikiki. Ukimpandisha mpiga gitaa, ngoma zitaonekana zimelala. Baada ya saa moja kila kitu kimepanda, taa nyekundu zinawaka, sauti inapasuka, na mwimbaji yuko palepale alipokuwa.

Njia iliyo bora ni kuingia kwenye ekwalaiza ya kinanda na kupunguza desibeli mbili au tatu kwenye eneo lile la maneno. Kinanda kikisikilizwa peke yake kitaonekana kimepoa kidogo. Ndani ya wimbo hakuna atakayegundua, isipokuwa kwamba maneno yatakuwa yamejitokeza bila mtu kumgusa mwimbaji.

Kazi huanza kabla ya kurekodi

Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na Rwanda mwaka 1952 akirekodi muziki wa wenyeji, hakuwa na nafasi ya kusahihisha baadaye. Alishika maiki mkononi na kuisogeza, mara kwa mwimbaji, mara kwa chombo, wimbo ukiendelea. Bendi zilizorekodi Redio Tanzania Dar es Salaam nazo zilipiga wimbo mzima kwa pamoja, hivyo mizani ilitegemea nani amesimama wapi na nani amepunguza mkono. Laptopu imetuletea uhuru wa kurekodi kila mtu kwa wakati wake, na uhuru huo umetuzoesha kuahirisha uamuzi hadi mwisho.

Chumba chenye bati na kuta tupu kinarudisha sauti kutoka kila upande. Mwimbaji akisimama shubiri moja kutoka kwenye maiki, sauti yake inashinda mwangwi. Akirudi nyuma mara mbili ya umbali huo, sauti yake inapungua kwa takribani desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba unabaki karibu uleule. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki kirahisi. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji na blanketi zilizotundikwa ubavuni humsaidia kuliko programu yoyote. Mvua ikianza kupiga bati, zimeni mashine mkapige soga.

Kwaya ya sauti nne ina kishawishi chake: watu ishirini mbele ya maiki moja. Wenye vifua vikubwa wasogee nyuma, wenye sauti ndogo wakae mbele, na kiongozi arekodiwe peke yake baadaye. Mpangilio huo ukikosewa, soprano itafunika alto na hakuna kitufe kitakachozitenganisha.

Mbele ya laptopu

Anza kwa kushusha kila kitu mpaka chini. Inua sauti ya kiongozi kwanza, kisha waitikiaji, kisha ngoma na besi, na kinanda kiwe cha mwisho. Wengi huanza na biti kwa sababu ilirekodiwa mwanzo, halafu humtafutia mwimbaji nafasi iliyobaki. Acha pia akiba: kilele cha wimbo mzima kisivuke desibeli 6 chini ya kikomo.

Kwenye sauti ya mwimbaji, kata kilicho chini ya hezi 80. Huko hakuna neno. Kuna mtikisiko wa meza, upepo wa pumzi na mngurumo wa pikipiki inayopita nje.

Kompresa inafuata. Kazi yake ni kushusha kilele ili minong'ono na makelele ya mwimbaji yasiachane sana. Ukiiweka kwenye uwiano wa 3 kwa 1, kila desibeli 3 zinazovuka mpaka uliouweka hutoka zikiwa 1. Kiasi hicho kinatosha kwa nyimbo nyingi. Baada ya hapo pitia wimbo mstari kwa mstari, ukiinua kwa mkono neno lililoshuka mwishoni mwa pumzi. Inachosha, lakini ndiko maneno yanakookolewa.

Mwangwi wa kuongeza uwe haba. Kwaya hupenda ukumbi mkubwa wa kanisa, na programu zinao kwa wingi, ila kila kiasi unachoongeza kinamrudisha mwimbaji hatua moja nyuma ya kinanda.

Jihadhari pia na ujanja wa kushoto na kulia. Gitaa likiwekwa huku na kinanda kule, kwenye hedifoni wimbo unapumua vizuri. Kwenye simu ya spika moja vyote hukutana tena, na vita vinaanza upya. Pata mizani kila kitu kikiwa katikati, ndipo utawanye.

Masikio ya mtu mwingine

Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii besi na sauti nyembamba kwa kipimo kilekile kila wakati. Muziki ukiwa juu, besi hujaa. Ukiushusha, besi ndiyo hutangulia kupotea. Anayefanya kazi spika zikitetemesha kuta anadanganywa na kelele yake mwenyewe. Sikiliza kwa kiwango cha mazungumzo ya kawaida. Kisha ushushe wimbo hadi ubaki kidogo kabisa: cha mwisho kusikika kiwe maneno na mapigo ya ngoma.

Usihukumu kwa hedifoni peke yake. Spika ya simu karibu haitoi kitu chini ya hezi 200, na wasikilizaji wengi wa Ngara watakutana na wimbo wako humo. Wengine wataupata redioni. Radio Kwizera imekuwa hewani Ngara tangu 1995, ilipoanzishwa kuwahudumia wakimbizi wa Rwanda na Burundi, na mitambo ya kituo chochote cha redio hubana kila wimbo ili ulingane na mingine. Kinanda kilichomzidi mwimbaji kidogo chumbani, redioni kitamzidi zaidi.

Kipo kikwazo kisichoondolewa na chombo chochote. Prodyuza ameshausikia wimbo mara mia. Anayajua maneno kwa moyo, kwa hiyo anayasikia hata yasiposikika. Kwaya nayo inayajua. Kundi zima linaweza kukaa mbele ya spika likakubaliana kuwa kila kitu kiko sawa, na wote wakawa wamekosea kwa nia njema. Tafuta mtu asiyewahi kuusikia wimbo, umchezee mara moja, kisha umwombe akuambie ubeti wa pili unasema nini. Asipoweza, kazi haijaisha.

Ni kweli mizani si moja kwa muziki wote. Singeli inaishi kwa mdundo, na ngoma za harusini zinamtaka mchezaji kabla ya msikilizaji. Kwaya lakini imejitwisha kazi ya kufikisha neno, iwe kwa Kiswahili au kwa Kihangaza, na neno lisilofika limeipotezea kwaya mazoezi yote ya mwezi. Kwa hiyo kabla kamati haijachangisha fedha za maiki mpya, imwombe mpiga kinanda apumzishe mkono wa kushoto, ambao mara nyingi unarudia noti zilezile za besi. Ombi hilo halina gharama, ila ugumu wake ni kwamba mpiga kinanda mara nyingi ndiye mwenye laptopu.