Wimbo Usio na Isnadi

Mtu atokaye Mombasa kwenda Nakuru huifuata njia waliyoipita wakubwa wake. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na pamoja na reli wakapanda bara watu wa pwani: mafundi, wapishi, wachuuzi na walimu wa vyuo. Hata leo ukiwa mtaa wa Bondeni, Nakuru, na adhana ya Magharibi ikakukuta huko, hujihisi mgeni sana.

Nilikuwa huko hivi majuzi, nyumbani kwa sahibu yangu wa siku nyingi. Baada ya sala ya Isha, kahawa na kaimati zikiwa mbele yetu, binti yake akatoa simu ya mkononi.

"Ami, hebu usikilize huu," akasema. "Nimeuokota mtandaoni juzi, na wenzangu wote nimeshawapelekea."

Akaufungua. Ulikuwa wimbo wa taarabu wa miaka mingi, umetolewa katika kaseti iliyorikodiwa arusini, hata vigelegele vya akina mama vyasikika kwa mbali. Nikamwuliza mtunzi wake ni nani. Akatazama kioo cha simu, akacheka.

"Imeandikwa hajulikani, Ami. Huu hauna mwenyewe."

Nduguzanguni, moyo ulinishituka. Maneno yale nayajua tangu udogo wangu. Ni ya mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeyatunga akiwa amekaa barazani kwetu, kisha akampa mwimbaji ayatie sauti. Hakulipwa, wala hakudai malipo. Alilotaka ni moja tu, kwamba wimbo ukiisha kuimbwa watu waulize, "Maneno haya ni ya nani?" wakajibiwa. Leo wimbo wake umefika Nakuru, na pengine umefika Maskati na Toronto, lakini yeye mwenyewe ameachwa njiani.

Sisi tuliokaa mbele ya mwalimu chuoni tulifunzwa jambo moja mapema. Hadithi haipokewi kwa uzuri wa maneno yake peke yake. Huulizwa: umeipokea kwa nani, naye kaipokea kwa nani? Huo ndio isnadi, mnyororo wa wapokezi. Pete moja ikikatika, wanavyuoni husita. Sisemi wimbo ni sawa na hadithi, hasha! Na katika suala la ala za muziki wanavyuoni wana hitilafu zao, nami nawaachia wao. Lakini haki ya mja haina hitilafu. Kazi ya mtu ni ya mtu, na kumtaja ndio malipo ya chini kabisa.

Katika kikao kile alikuwako kijana jirani, Mkipsigisi, mwanafunzi mwenza wa kaka wa yule binti. Akaniambia kwa adabu, "Mzee, kwetu tuna wimbo uliopotea miaka mingi ukarudi, kwa sababu majina yaliandikwa." Naye akafungua simu yake. Nikasikia sauti za wasichana, nyororo na za mbali, na nyuzi za kinubi ambacho Wakipsigisi hukiita chepkong'.

Wimbo huo huitwa Chemirocha, na kisa chake ni cha ajabu. Huko Marekani, katika mji wa Meridian, jimbo la Mississippi, alizaliwa mwaka 1897 mtu aitwaye Jimmie Rodgers. Alifanya kazi katika reli, akaugua kifua kikuu, akashika gitaa. Alianza kurikodi mwaka 1927 na akafa mwaka 1933. Katika miaka hiyo michache santuri zake zilienea dunia, na baadhi yake zikafika milima ya Kericho, magharibi ya Nakuru. Wakipsigisi walisikia sauti ya mtu wasiyemwona, isiyofanana na sauti yoyote waijuayo. Jina lake, kwa matamshi yao, likawa Chemirocha. Wasichana wakamtungia wimbo, wakamfanya kiumbe nusu mtu na nusu paa, wakimhimiza acheze.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo yake akinasa nyimbo, alifika Kapkatet na kuwarikodi. Tracey alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na wenye kuimba hawakupata faida ya santuri zile. Hilo tuliseme wazi. Lakini alifanya jambo moja la maana: aliandika. Aliandika mahali, mwaka, kabila, ala na majina. Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kapkatet wametajwa hadi leo. Kazi hiyo ilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kutoka huko wimbo ukaingia mtandaoni, ukasikilizwa na watu ambao hawajui Kericho iko upande gani wa dunia.

Ikawa ajabu ya pili: ulimwengu waujua wimbo, na kwao wenyewe umesahauliwa na wengi. Ndipo maktaba ile, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, taasisi iliyoasisiwa na Tabu Osusa, walipoamua kuzirudisha nyimbo zile kwa wenyewe. Mwaka 2015 walikwenda vijijini wakiwa na karatasi za Tracey mkononi, wakiuliza kwa majina. Waliwakuta baadhi ya waliorikodiwa wangali hai, wazee wa kuegemea mikongojo, na jamaa za wengine waliokwisha kufariki. Zingatia, msomaji: laiti karatasi zile zingeandikwa "hajulikani", mlango gani ungebishwa?

Sisi wa pwani tusiwastaajabie Wakipsigisi kwa kumvika Mmarekani nguo zao, maana tumefanya yayo hayo. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurikodi, na santuri zake zikarudi kuenea pwani yote. Tumesikiliza santuri za Misri, tumesikiliza nyimbo za filamu za Kihindi, tukazitwaa sauti zao tukazitia maneno yetu. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa sauti za namna hiyo. Lakini kila Mmombasa wa wakati ule alijua kwamba maneno mengi aliyoyaimba yalikuwa ya binamu yake, Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Mwimbaji alikuwa na heshima yake, na mtunzi alikuwa na yake. Duka la Mbwana Radio lilipotoa kaseti za taarabu mjini Mombasa, mnunuzi aliweza kuuliza akajibiwa hapo hapo na mwenye kujua.

Na bara vile vile. Mjini Kericho palikuwa na duka la Chandarana lililotoa santuri za Waluo, Waluhya na Wakalenjini. Santuri hizo zilikuwa na karatasi ya duara katikati, na jina limepigwa chapa. Jina lilisafiri pamoja na sauti, kwani vyote vilikuwa juu ya sahani moja.

Leo njia ni nyingine. Mwaka 2009 nyaya mbili kubwa za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilitua Mombasa, SEACOM na TEAMS, na huu wa pili umetoka Fujairah, katika bahari ile ile ya majahazi yetu. Kutoka Mombasa mawasiliano yakapanda bara kama ilivyopanda reli. Kijana wa Nakuru sasa husikia kwa dakika moja wimbo ambao babake angeungoja mwezi mzima. Ni neema kubwa, nami siipingi. Lakini wimbo ukinakiliwa mara elfu, sauti hubaki na jina hudondoka. Mmoja huukata mwanzo, wa pili hubandika picha isiyohusu, wa tatu huupa jina lake mwenyewe. Kenya ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, na sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ya mwaka 2016. Ni sheria njema, lakini hakimu atamlipa nani, ikiwa mwenye haki hajulikani?

Basi dawa tunayo sisi wenyewe. Nyumba nyingi za Mvita, Lamu na Malindi zingali na kaseti chini ya vitanda, zinaliwa na chumvi na joto. Zitoeni. Kabla ya kuzitia mtandaoni, mketisheni bibi au mzee azisikilize, mwulizeni: nani kaimba, nani katunga, arusi ya nani, mwaka gani? Yaandikeni majibu. Huyo mzee akiondoka, hakuna simu itakayomjibu mtu. Na mwenye kuokota wimbo asiujuao, kabla ya kuwapelekea wenziwe aulize. Kuuliza si ujinga.

Usiku ule nilimwandikia yule binti beti moja, naye akaniahidi kuihifadhi:

Wimbo ni kama amana, mwenyewe umtajie,
Ukiupata kwa jina, jina usiliachie,
Wa leo hata wa jana, haki yao wapatie,
Asojua lake shina, tawi asijivunie.

Asubuhi, nikiwa nafunga mkoba, alinijia mbio na simu yake. Alikuwa ameandika chini ya wimbo ule jina kamili la mjomba wangu, jina la mtaa wake, na kwamba maneno ni yake. Kisha aliupeleka upya kwa kila mtu aliyekuwa amempelekea mwanzo, na mmoja wao, aliyeko Maskati, alikuwa ameshajibu: "Kumbe! Huyu namjua mwanawe."

Pete moja ya mnyororo imeungwa. Zimebaki nyingi, na mikono yetu si mifupi.