Vyuma vya Miguu

Asubuhi katika mji wa Baraka, wavuvi huvuta mitumbwi yao mchangani, na watoto hukimbia kando ya ziwa Tanganyika kutazama ndakala waliovuliwa usiku. Mtoto mwenye miguu yenye nguvu hafikiri namna anavyokimbia. Lakini wako watoto wengine ambao kila hatua kwao ni kazi ya kujifunza. Somo hili linaeleza kazi hiyo.

Mfikirie msichana mmoja wa miaka 6. Alipokuwa mdogo alishikwa na homa. Homa ilipokwisha, mguu wake wa kushoto ulikuwa umelegea wote, na wa kulia umelegea kwenye kifundo. Tangu siku hiyo alitambaa, au kaka yake alimbeba mgongoni.

Jirani wengine walisema, "Amerogwa." Wengine walisema, "Ni dhambi ya wazazi." Wote walikosea. Ugonjwa huo huitwa polio. Huletwa na kijidudu kidogo sana kinachoingia kwa kinywa, pamoja na maji au chakula kichafu. Watoto wengi wanaokipata hawaugui sana. Lakini katika watoto 200 hivi wanaoambukizwa, mmoja hupooza. Kijidudu huharibu mishipa ya fahamu katika uti wa mgongo, ile inayopeleka amri kwenye misuli. Misuli isiyopata amri hulala, kisha hukonda. Hata hivyo mtoto huyo bado anasikia baridi, moto na maumivu katika mguu wake. Jambo hilo lina maana, kama tutakavyoona.

Je, chuma kinasaidiaje? Mtu akisimama, misuli ya paja huzuia goti lisijikunje. Misuli hiyo ikiwa dhaifu, goti hukunjika na mtu huanguka. Basi chuma hufanya kazi ya misuli: hulinyosha goti na kulishika. Penye goti pana kiungo chenye pete. Mtoto akisimama, pete hushuka na kufunga kiungo. Akitaka kukaa, huinua pete kwa kidole, na goti hukunjika tena. Mguu wa kulia, uliolegea kwenye kifundo tu, hupata kifaa kifupi kinachoishia chini ya goti.

Vifaa hivi havinunuliwi sokoni kama ndala. Kila mtoto hutengenezewa vyake. Katika mji wa Bukavu, kituo cha Heri Kwetu kimewahudumia watu wenye ulemavu kwa miaka mingi. Kwanza fundi huuzungushia mguu vitambaa vyenye plasta mbichi. Plasta ikikauka, huikata na kuitoa. Sasa anayo kalibu, kama kalibu ya matofali. Humimina plasta nyingine ndani yake, na hupata mguu wa plasta ulio sawa na mguu wa mtoto. Kisha hupasha moto bamba la plastiki mpaka lilainike kama unga uliokandwa, na kulifunika juu ya mguu ule. Likipoa, hulikata, hulitia vyuma, kiungo cha goti, na mikanda.

Mtoto akirudi nyumbani na vyuma vyake, watu hudhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza.

Siku ya kwanza vyuma ni vizito, vina joto, na vinabana. Mtoto hulia. Humwita kaka yake, "Yaya, unibebe!" Mama husikia huruma, na mkono wake hutaka kufungua mikanda. Afanye nini?

Mama mwenye busara haachi kazi, wala halazimishi bila kutazama. Siku za kwanza mtoto huvaa vyuma kwa muda mfupi tu, kama nusu saa au saa moja. Ndani huvaa soksi ndefu ya pamba, kavu, isiyo na mikunjo. Halafu mama huvua vyuma na kutazama ngozi. Wekundu ukitoweka upesi, si kitu, ngozi inazoea. Wekundu ukibaki zaidi ya nusu saa, au pakiwa na lengelenge, chuma kinaumiza. Lazima kirudi kwa fundi. Ndiyo maana ni vizuri kwamba mguu unasikia maumivu. Mtoto aulizwe, "Panauma wapi?" Akionyesha mahali pamoja, aaminiwe. Lakini kama ngozi ni nzima, na analia kwa woga tu, mama humfuta machozi na kumwambia, "Mwanangu, simama tena kidogo." Kila siku huongeza muda.

Kusimama nako hufundishwa. Baba anaweza kupigilia nguzo nyuani na kufunga miti miwili mirefu sambamba, kimo cha kiuno. Mtoto hushika huku na huku, akatembea katikati. Baadaye hupewa magongo. Uzito hubebwa na mikono, si na makwapa. Gongo likikandamiza kwapa, mkono hufa ganzi. Katika Baraka adui ni mchanga, maana gongo huzama. Kule Fizi, mlimani, adui ni mteremko na tope. Kanuni ni hii: ukipanda, tanguliza mguu wenye nguvu, ukishuka, tanguliza magongo na mguu dhaifu. Mtoto ataanguka. Hujifunza pia namna ya kuinuka.

Vyuma havikui, bali mtoto hukua. Kwa hiyo fundi hana budi kuvipima tena kila miezi 6 hivi. Mtoto akiviacha na kurudi kutambaa, magoti hukunjamana na kukauka hivyo, na kuyanyosha tena ni kazi ngumu. Huenda akakosa masomo miaka yote. Basi machozi ya majuma machache yanalinda miaka mingi.

Je, wenzake shuleni wafanye nini? Wasimcheke, maana wahenga walisema, "Hujafa, hujaumbika." Wasichezee magongo yake. Wamwachie nafasi ukingoni mwa benchi, na magongo yawe karibu na mkono wake. Wala wasimbebe wakati anapoweza kutembea. Wamngoje. Kumngoja mtu ni msaada mkubwa.

Wanafunzi walimwuliza Yezu juu ya kipofu mmoja: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Na siku nyingine watu wanne walimchukua mgonjwa aliyepooza, wakafungua paa, wakamshusha mbele ya Yezu. Hawakuuliza ni kosa la nani. Walitafuta njia.

Tena polio yaweza kuzuiwa kwa chanjo. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, kaskazini ya Uvira, watu zaidi ya 200,000 walipewa chanjo ya kumeza, wakati chanjo hiyo ilipokuwa bado inajaribiwa. Mwezi wa Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeshinda polio ya asili. Lakini polio ya namna nyingine imeendelea kuzuka katika Kongo, mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Basi wachanjaji wakifika nyumbani, mtoto asifichwe. Matone mawili kinywani ni mepesi kuliko vyuma viwili miguuni.

Maswali
1. Polio huingia mwilini kwa njia gani?
2. Pete ya gotini ina kazi gani?
3. Mama atajuaje kwamba chuma kinaumiza?
4. Kwa nini si vizuri kumbeba mtoto anayeweza kutembea?