Maji Yaingiapo Nyumbani

Siku moja, baada ya mvua kubwa ya masika, mto ulifurika, maji yakaingia katika nyumba ya udongo ya mama mmoja. Yalifika kimo cha kifundo cha mguu tu, yakakaa nusu siku, yakatoka. Jioni mama yule alifagia matope, akaanza kutandika vitanda. Mara mzee mmoja, fundi mwashi, akabisha hodi.

"Mama, usiwalaze watoto humu usiku huu."

"Kwa nini, mzee wangu? Maji si yamekwisha kutoka?"

"Yametoka mlangoni. Yaliyo ukutani bado yamo."

Mzee akatwaa kipande cha mkaa, akatia alama penye ncha ya ufa mwembamba uliokuwa ukutani. "Kesho tutatazama," akasema. Mama akawachukua watoto, wakaenda kulala kwa ndugu yake.

Watu wengi hupima madhara ya maji kwa macho tu: yakiwa mengi huogopa, yakiwa machache hucheka. Kipimo hicho si cha kweli. Yafaa tuulize maswali matatu: Maji yametoka wapi? Yamefika wapi? Yamekaa muda gani?

Swali la kwanza ni asili ya maji. Mtungi wa maji safi ukipasuka, hasara yake ni ndogo. Futa sakafu, anika vitu juani. Maji ya mvua yapitayo darini huchukua vumbi na mavi ya popo na panya. Lakini maji ya mafuriko ni mabaya kuliko yote, maana yamepita vyooni, mazizini na majalalani, nayo huweza kuchukua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe, hata kama kinaonekana kizuri. Sufuria na sahani zioshwe kwa sabuni na maji safi, kisha kwa maji yanayochemka.

Swali la pili ni mahali yalipofika. Tazama utambi wa taa: ncha yake moja tu imo katika mafuta, lakini mafuta hupanda mpaka juu. Ukuta nao hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa udongo, matofali na mawe vina vitundu vidogo sana vinavyonyonya maji. Katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe, kama zile za Lamu na Unguja, unyevu huleta chumvi nyeupe juu ya ukuta, na lipu hubambuka. Boriti za mikoko nazo huoza katika ncha zilizoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Ukuta wa udongo una hatari zaidi. Sehemu ya chini hulainika, na sehemu ya juu bado ni nzito. Kwa hiyo huweza kuanguka hata baada ya mvua kukoma. Ukiona ukuta umeinama, usiukaribie. Tena, kama nyumba ina umeme, usiguse swichi wala waya penye maji.

Swali la tatu ni muda. Kitu kilicholowa kikikaushwa upesi, huenda kikapona. Kikiachwa siku moja au mbili, kuvu huanza kuota. Mbao hufura, na chuma hushikwa na kutu. Mwenye duka na awe mwangalifu hasa. Gunia la mahindi huweza kuwa kavu juu, na chini limelowa. Asichanganye mahindi hayo na mengine ili ayauze, maana kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwenye duka anayetupa gunia moja hupata hasara ya fedha. Anayeliuza huweza kuua jirani zake.

Basi, madhara makubwa si lazima yawe ya maji mengi. Maji machache, yakiwa machafu, yakiwa yamepenya, tena yakiwa yamekaa, huharibu kuliko maji mengi yaliyopita upesi.

Na yule mama je? Asubuhi alirudi pamoja na mzee. Wakauona ufa umeipita alama ya mkaa kwa upana wa vidole vinne. Hawakuingia tena ndani. Siku ya tatu, jua likiwaka vizuri, ukuta ulianguka juu ya kitanda cha watoto, kikavunjika vipande vipande. Majirani waliokuwa wakimcheka kwa woga wake walikuja kumsaidia kuondoa udongo. Alipojenga tena, aliweka msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, na paa lenye upenu mpana. Na watoto wake wote walikuwapo, wakimsaidia kubeba mawe.