Mbona Meli Hazipandi Ruvuma?

Msafiri atokaye Rahaleo, mjini Mtwara, akielekea kusini hufika Kilambo na kuuona mto Ruvuma ulivyo mpana. Upana huo hudanganya. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia humo na meli yake, Pioneer, iliyohitaji kina cha futi 5. Baada ya maili 30 hivi maji yalianza kupungua, naye akageuka upesi asije akanaswa. Mwaka 1862 alirejea na mashua, akapanda kilomita 250 hivi mpaka miamba ikamzuia.

Ruvuma hutegemea msimu mmoja wa mvua. Wakati wa kiangazi mkondo hulegea, hauwezi tena kuchukua mchanga. Mchanga hutua na kuwa mafungu, ambayo mafuriko yajayo huyahamisha. Hivyo njia ya mashua ya mwaka jana yaweza kuwa nchi kavu mwaka huu.

Karibu na mlango wa mto, bahari husaidia. Maji yanapojaa, hasa wakati wa bamvua, huuzuia mto usitoke. Kina huongezeka, na vyombo huelea juu ya mafungu. Wenye mitumbwi huingoja saa hiyo. Anayechelewa hukuta maji yakipwa, akakwama katikati, penye viboko na mamba.