Grafu Ikikatwa Mwaka 2009

Mwaka 1998, kati ya kila watoto 100 waliolazwa katika hospitali ya Kilifi, takriban 56 walikutwa na vimelea vya malaria. Kufikia 2009 walikuwa 7 hivi. Ukichora mstari wa miaka hiyo ukaishia hapo, unapata mteremko wa kupendeza, na atakayeutazama ataamini kwamba malaria imeipa Pwani ya Kenya kisogo. Watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust, ambao uko Kilifi tangu 1989, waliendelea kuhesabu. Ilipofika 2014 kiwango kilikuwa kimepanda tena hadi 24 hivi, na walioongezeka zaidi walikuwa watoto wenye umri mkubwa kidogo. Hesabu za miaka ya mwanzo hazikubadilika hata moja, ila mchoro unaokoma 2009 unamshauri waziri apunguze vyandarua, na ule unaofika 2014 unamwambia asithubutu. Uamuzi wa kuanzia wapi, kukoma wapi, na kuonyesha nini kwa umbo gani ni taaluma kamili. Vyuo vyetu vikuu, cha Pwani kilichopo hapo hapo Kilifi kikiwa cha kwanza, vinapaswa kuifundisha hivyo, wala si kuibana katika wiki mbili za mwisho za somo la kompyuta.

Chukua mfano wa ramani, ambayo wengi hudhani haiwezi kusema uongo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi. Kaunti ndogo ya Malindi ilikuwa na watu 333,226. Magarini 191,610 na Ganze 143,906, yaani hizi mbili kwa pamoja zinakaribiana kabisa na Malindi peke yake. Sasa paka rangi nyekundu kila mahali penye uhaba wa jambo fulani, tuseme maji au madawati. Magarini na Ganze, zenye zaidi ya nusu ya eneo la kaunti, zitaijaza ramani wekundu, na Malindi itaonekana kijisehemu cha pembeni. Jicho huhesabu ardhi, watu haliwaoni. Simaanishi kwamba Ganze haina shida, kwani ukame wake unajulikana. Ninachosema ni kwamba ramani hiyo inajibu swali la ukubwa wa eneo ilhali mtazamaji anadhani inajibu swali la wingi wa watu. Mwanafunzi aliyefunzwa angejua kutumia nukta badala ya kupaka rangi eneo zima, au kugawa uhaba kwa idadi ya wakazi. Na ujuzi huu haukuokotwa hewani: mwaka 1984 wanatakwimu wa Marekani William Cleveland na Robert McGill waliwapima watu na kuonyesha kwamba jicho hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, na hukosea zaidi linapokadiria pembe. Ndiyo maana chati duara, kipenzi cha ripoti nyingi za serikali, ni njia dhaifu ya kulinganisha bajeti za idara kumi.

Wapo watakaosema kwamba programu za kompyuta sasa huchora zenyewe. Ni kweli, na huchora upesi, lakini programu iliyopewa data ya 1998 hadi 2009 haitauliza miaka mingine iko wapi. Wengine watasema takwimu tayari zinafundishwa. Zinafundishwa, ila kukokotoa wastani na kumfanya diwani auelewe ni kazi mbili tofauti, na ya pili inahitaji saikolojia ya macho, usanifu na lugha ya watu wa mahali. Pingamizi linalonikera ni lile la kuiita elimu hii ya kigeni. Mwanahistoria Mreno João de Barros aliandika kwamba rubani aliyepatikana Malindi mwaka 1498 alimwonyesha baharia Vasco da Gama ramani ya pwani ya India yenye mistari ya kukatizana, na mgeni akaridhishwa sana na ujuzi wake. Bahari ya Hindi ilikuwa na wasomaji wa michoro kabla da Gama hajatia nanga.

Liko pingamizi moja lenye uzito: gharama, na kazi za kuajiriwa baadaye. Silidharau, kwa kuwa mzazi anayelipa karo ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya kaunti, na katika kila kikao cha bajeti lazima mtu awaeleze watu wa vijijini, kama Marafa au Vitengeni, majedwali ambayo hata karani huyasoma kwa shida. Kazi hiyo ipo na inafanywa ovyo. Kwa hiyo idara za takwimu, afya ya jamii na kompyuta ziunganishe nguvu, zitunge kozi ya muhula mzima, na kazi ya mwisho ya kila mwanafunzi iwe kupeleka mchoro wake barazani, aulizwe maswali na wenyeji kabla hajapewa alama.