Deni na Amana ya Siri za Dola

Katika Marekani mtu hafunuliwi siri za dola kwa elimu au ushujaa wake peke yake. Kabla ya kukabidhiwa amana hiyo, awe ni askari au fundi wa kampuni inayounda zana za vita, hupewa hojaji ndefu iitwayo SF-86, na humo, baada ya kuulizwa nasaba, makazi na safari zake za ng'ambo, huulizwa habari za mfuko wake: je, katika miaka 7 iliyopita amepata kufilisika, kukosa kulipa kodi, kunyang'anywa mali ya rehani, au kuchelewesha deni kupita siku 120?

Swali hilo halikuzuka bure. Ronald Pelton, aliyekuwa mtumishi wa idara ya Marekani ya kunasa mawasiliano, alifilisika mwaka 1979, na Januari ya mwaka uliofuata alibisha hodi katika ubalozi wa Kisovieti mjini Washington. Aldrich Ames wa CIA, aliyeelemewa na madeni huku ndoa yake ikivunjika, aliuendea ubalozi uo huo Aprili 1985, akaanza kwa dola 50,000. Na kwa kuwa tamaa haina kikomo, aliendelea hata akanunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu, hali mshahara wake haukufika 70,000 kwa mwaka, asikamatwe mpaka 1994, wakati ambapo baadhi ya watu aliowauza walikwisha kuuawa. Ndiyo maana kanuni ya fedha, mojawapo ya kanuni 13 zinazotumika tangu 2017 kuwapima wanaotaka kukabidhiwa siri, hutilia shaka pia utajiri usio na maelezo. Maana Ames alipokwisha kulipwa na adui hakuwa tena na deni la kumfedhehesha.

Hakuna kiasi kilichoandikwa ambacho mtu akikivuka hunyimwa idhini ya kuona siri hizo. Kinachopimwa ni mwenendo wa mdeni. Tuseme askari mmoja anadaiwa dola 9,000 za matibabu ya mkewe, naye ameiandikia hospitali, wakapatana alipe 100 kila mwezi, na kila stakabadhi ameihifadhi. Mwenziwe anadaiwa 1,500 tu, lakini bahasha za wadai huzitia mtotoni mwa meza bila kuzifungua. Huyo wa pili ndiye mwenye hatari, kwani maradhi, talaka, kifo na kuachishwa kazi ni udhuru unaokubalika, ila udhuru haumfai asiyeonyesha juhudi. Nami naona mizani hiyo ni ya insafu, ingawa sikatai kwamba humlemea zaidi mnyonge asiye na jamaa wa kumkopesha.

Kuficha deni ni balaa kubwa kuliko deni lenyewe: taarifa za mikopo huchunguzwa hata baada ya idhini kutolewa, na uongo wa makusudi katika hojaji ni jinai iwezayo kumfunga mtu miaka 5. Basi ndugu zetu wa Afrika Mashariki waliopata uraia wa Marekani na kuingia katika kazi hizi, wayaandike madeni yao yote; na mfanyakazi wa kampuni akiletewa waraka wa tuhuma kutoka Wizara ya Ulinzi, asinyamaze, bali ajibu kwa maandishi pamoja na stakabadhi zake, na aombe kusikilizwa mbele ya hakimu akitaka, kwa kuwa muda wa kujibu ni siku 20 tu.